Kiroba cha Mchele na Mizani ya Ndoano: Siku Sita kutoka Kariakoo hadi Milima ya Usambara

Nimerejea Dar es Salaam wiki iliyopita, na simulizi hii nimeijenga kutokana na daftari dogo nililokuwa nikiandika kila jioni, pamoja na picha za simu ambazo nyingi ni za uso wa mizani. Safari yenyewe ilikuwa ya kawaida: kumpelekea shangazi yangu kiroba cha mchele cha kilo 25 kijijini kwake, juu ya Soni, wilayani Lushoto. Pamoja na kiroba hicho nilikuwa na swali ambalo lilikuwa limenikaa rohoni tangu mwezi Mei.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Siku moja, baada ya kipindi cha kidato cha pili, mwanafunzi mmoja alibaki darasani akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mama yangu anauza maji. Anabeba ndoo ya lita 20 kichwani kutoka kisimani hadi kwa wateja, na mtaa wetu ni tambarare tupu. Kwa ile kanuni uliyoiandika ubaoni, ina maana mama hafanyi kazi?" Nilimjibu kwamba kwa maana ya kifizikia ndoo haifanyiwi kazi, kwa sababu kani (yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma) inayoishikilia inaelekea juu ilhali mwendo wake unaelekea mbele, na kazi ni kani kuzidishwa kwa umbali uliopitwa kuelekea upande wa kani hiyo. Jibu lilikuwa sahihi, lakini mtoto aliondoka ameinamisha kichwa, nami nikajua kwamba sijamjibu. Ndipo nilipoamua kwamba likizo ya Juni itakapofika nitakifuatilia kiroba kimoja kuanzia dukani hadi jikoni, nione kila anayekishika anakifanyia nini.

Siku ya kwanza: Jumatatu, 16 Juni 2025. Kariakoo hadi Mbezi

Mizani niliinunua Kariakoo kwa shilingi 15,000. Ni ile ya kuning'iniza, yenye ndoano chini na kishikio juu, ambayo wanunuzi wa mazao huitumia mashambani. Mwisho wake ni kilo 50. Uso wake umeandikwa kilo, lakini ndani mna springi, na springi inachojua ni kuvutwa tu. Kila kilo moja inayosomeka ni kani ya takribani nyutoni 10, iwe mvuto unatoka kwa mzigo unaoning'inia au kwa kamba iliyolazwa pembeni.

Kipimo cha kwanza nilikifanya palepale dukani, kwa ruhusa ya mwenye duka. Nilipokiinua kiroba, mshale ulisimama kwenye 25 na ushee. Nilipokiburuta juu ya sakafu ya saruji, ndoano ikiwa imeshika fundo la mdomo wake, mshale ulicheza kwenye 12. Huo ndio msuguano: gunia linakwaruzana na saruji, na karibu nusu ya uzito wake inatosha kulisogeza.

Kutoka dukani hadi kituo cha daladala nilimkodi mvuta mkokoteni kwa shilingi 2,000. Alikuwa ameshapakia viroba tisa vya mteja mwingine, kwa hiyo na changu vilifika kumi, kilo 250, mbali na uzito wa mkokoteni wenyewe. Nilimweleza shida yangu, akakubali tufunge kamba kwenye mhimili wa mbele na mimi nivute kwa mizani kwa hatua hamsini huku yeye akishika usukani. Mshale ulipanda hadi 20 wakati wa kuanza kuondoka, kisha tulipokwisha kushika mwendo ukashuka na kutulia kwenye 8. Nyutoni 80 kwa mzigo ule wote! Kama tungeuburuta sakafuni, ungetaka zaidi ya nyutoni 1,000. Tulipoingia kwenye shimo dogo, lisilozidi upana wa kiganja, mshale uliruka na kupita 35.

"Mwalimu," aliniambia yule kaka huku akifuta jasho, "mkokoteni ukisimama ndio unaanza kukudai." Sijawahi kusikia inesha ikielezwa vizuri zaidi ya hapo. Kitu kilichotulia hupenda kubaki kimetulia, na kitu kinachokwenda hupenda kuendelea. Mkokoteni ukiwa kwenye mwendo usiobadilika, nyutoni 80 za mvutaji zinalipa msuguano tu, hazibaki za kuongeza kasi. Ndiyo maana wavutaji hupiga kelele mbali kabla ya kufika kwenye watu: kusimama kunamgharimu mvutaji nguvu mara mbili, kwanza ya kuuzuia mkokoteni, kisha ya kuuanzisha upya.

Kwa atakayepita Kariakoo na mzigo, ni vyema kukubaliana bei kabla mzigo haujapandishwa, na kuchagua mkokoteni wenye matairi yaliyojaa upepo. Tairi lililolegea hujikunja kila linapozunguka, na kila kujikunja ni kani ya ziada ambayo mvutaji atailipia kwa mgongo wake.

Usiku nililala kwa rafiki yangu Mbezi ili niwe karibu na Kituo cha Mabasi cha Magufuli.

Siku ya pili: Jumanne, 17 Juni. Mbezi hadi Mombo

Nauli hadi Mombo nililipa shilingi 20,000, na kiroba kikatozwa 3,000 kwenye buti. Tuliondoka saa 12 na nusu asubuhi. Kibaha hadi Chalinze ni foleni ya malori, sina la kusimulia.

Baada ya Chalinze barabara ilifunguka, na basi likashika kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mabasi ya abiria nchini. Mama aliyeketi upande wa pili alikuwa na ndoo ndogo yenye machungwa, ameiweka kwenye ujia kati ya viti. Kwa muda mrefu machungwa yalitulia kana kwamba yako mezani nyumbani. Kisha mbuzi wakakatiza mbele yetu, dereva akakanyaga breki, ndoo ikapinduka na machungwa yote yakakimbilia mbele hadi miguuni mwa dereva. Hakuna aliyeyasukuma. Basi ndilo lililozuiwa. Machungwa yaliendelea na mwendo waliokuwa nao wote, kwa sababu hayakuwa na cha kuyashika. Abiria waliyaokota moja moja na kuyapitisha mkono kwa mkono hadi yakarudi kwa mwenyewe, naye akatugawia sita kwa furaha.

Nilipiga hesabu kwenye daftari. Nishati ya mwendo inategemea mraba wa mwendokasi. Basi la tani 15 linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina takribani jouli (kipimo cha kazi na nishati) milioni 3.7, na likiwa kwenye kilomita 50 lina takribani milioni 1.4. Mwendokasi umeongezeka kidogo zaidi ya mara moja na nusu, lakini kazi ambayo breki lazima ziifanye ili lisimame imeongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Ningependa hesabu hii iandikwe mgongoni mwa kila kiti, kwa sababu vijiji vilivyo kando ya barabara hii vina watoto wanaovuka kwenda shule.

Tulivuka Wami, na mbele ya Mkata gurudumu la nyuma likapasuka. Tulikaa pale saa 1 na dakika 40. Jeki ilikuwapo, ila nati moja ilikataa kabisa. Utingo aliukanyaga mpini wa spana kwa miguu yote miwili bila mafanikio, hadi dereva wa lori lililotoka Tanga aliposimama bila kuitwa, akashusha bomba la chuma na kulivika kwenye mpini. Mpini ulikuwa wa nusu mita hivi. Na bomba ukawa kama mita moja na robo. Utingo alisukuma kwa mkono, taratibu, nati ikalia na kuachia. Uzito wake haukuongezeka wala misuli yake haikubadilika. Kilichoongezeka ni umbali kati ya mkono na nati, na ndio unaokuza nguvu ya kuzungusha. Bomba hata hivyo halimpi mtu kazi ya bure: mkono wake sasa husafiri njia ndefu zaidi kwa kila kipande kidogo ambacho nati inajizungusha. Anatoa kani ndogo kwa umbali mkubwa, badala ya kani kubwa kwa umbali mdogo. Dereva wa lori alikataa fedha, akachukua machungwa mawili na kuendelea na safari yake.

Mombo tulifika saa 9 alasiri, joto likiwa bado kali. Nililala katika nyumba ya wageni karibu na stendi kwa shilingi 15,000, yenye chandarua kizima na feni. Jioni nilikula wali, maharage na samaki kwa 4,000. Mama ntilie aliponiuliza mzigo wangu ni wa nini akashangaa, maana Mombo kwenyewe wanalima mpunga. Nikamweleza kwamba shangazi yangu amezoea mchele wa Kyela tangu enzi za mumewe, akasema, "Basi mpelekee, mazoea ya mzee hayavunjwi."

Usiku ule nilikumbuka historia ya neno lenyewe. Mhandisi na mwanahisabati wa Ufaransa, Gaspard-Gustave de Coriolis, ndiye aliyeipa "kazi" maana yake ya kifizikia katika maandishi yake ya mwaka 1829, kipindi ambacho wahandisi walitafuta kipimo kimoja cha kulinganisha mashine, wanyama na watu. Neno alilichukua katika lugha ya kila siku, akalipunguza likabaki na kitu kimoja kinachopimika. Kiswahili nacho kimefanya hivyohivyo. Tunamwambia mtoto kwamba kazi ni kani mara umbali, kwa neno lilelile ambalo mama yake hulitumia anapotoka alfajiri kwenda kujitafutia riziki. Nadhani ni wajibu wetu walimu kulisema hilo waziwazi siku ya kwanza, kabla hatujaandika kanuni ubaoni.

Siku ya tatu: Jumatano, 18 Juni. Mombo, Soni na kijijini

Kosta ya kwanza iliondoka saa 1 asubuhi. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni takribani kilomita 33, na tofauti ya kimo ni kama mita 1,000, kwa hiyo kwa wastani gari linapanda mita moja kwa kila mita 33 za lami. Atakayeitazama barabara hii kutoka juu ataiona ikijinyonganyonga kama utumbo, na anaweza kudhani walioichonga walipoteza njia. Kwa kweli walinunua wepesi kwa kulipa umbali. Kosta ya tani 5 ikiinuliwa wima ingetaka kani ya nyutoni 50,000. Kwenye mwinamo huu uzito wake unairudisha nyuma kwa takribani nyutoni 1,500 tu, na hizo injini inaziweza. Kazi ya kushinda uzito ni ileile kwa njia zote mbili, kwa sababu kimo ni kilekile.

Kwenye kona kali nilishika kiti cha mbele, kama kila abiria. Watu husema gari linamtupa mtu nje. Ukweli ni kwamba mwili unataka kwenda moja kwa moja, na gari ndilo linalokata kuingia ndani. Kona ya nusu kipenyo cha mita 20, ikipitwa kwa kilomita 30 kwa saa, inataka matairi yashike lami kwa kani ya upande inayofikia theluthi ya uzito wa gari. Kwa kilomita 40 inakaribia theluthi mbili. Asubuhi ile lami ilikuwa imelowa ukungu, na lami iliyolowa haina msuguano wa kutosha kulipa deni kama hilo kwa uhakika. Dereva wetu, mzee mwenye kofia ya sufu, alizipita kona zote taratibu kwa gia ya pili, akipiga honi kabla ya kila moja. Tuliposhuka Soni nilimpa mkono na kumshukuru. Nauli ilikuwa shilingi 3,000 pamoja na kiroba.

Soni nilikunywa chai ya tangawizi kwa mihogo ya kuchemsha, kisha nikakodi bodaboda kwa shilingi 5,000 kwenda kijijini. Msafiri wa Juni asije bila sweta, maana baridi ya huku si ya kufikirika ukiwa Mombo.

Mvua ya manyunyu ilikuwa imelainisha udongo mwekundu, na kwenye kilima cha pili pikipiki ikagoma. Gurudumu la nyuma lilizunguka palepale, likirusha tope kama mashine ya kupuliza. Injini ilikuwa na nguvu zote inazohitaji, ila ardhi haikuwa tayari kusukumwa. Pikipiki husonga mbele kwa sababu tairi linaisukuma ardhi nyuma na ardhi inajibu kwa kulisukuma tairi mbele. Msuguano ndio unaopitisha jibu hilo. Tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba msuguano ni adui wa mashine, tukitaja mafuta na beringi, na tunasahau kuwaambia kwamba bila huo hakuna hatua hata moja ambayo mtu angeipiga.

Vijana watatu waliokuwa wakirudi shambani waliona, wakatusalimia "onga maundo" kwa Kisambaa, wakavunja matawi na kutandaza nyasi kavu chini ya tairi bila kuuliza bei. Mmoja alishuka hadi kwenye nyumba ya karibu akaleta majivu kwenye debe. Nilifunga kamba mbele ya pikipiki na kuvuta kwa mizani ilhali wao wanasukuma: mshale ulipita 40, kisha tairi likang'ata nyasi na pikipiki ikatoka. Walikataa fedha. Walipokea pakiti ya biskuti na kuomba waishike mizani, na kila mmoja akajipima nguvu ya mkono wake.

Kilomita moja ya mwisho ni njia nyembamba ya mguu inayofuata mgongo wa kilima, karibu tambarare yote, isiyopitika kwa pikipiki. Shemeji yangu, mke wa binamu, alikuwa ameshafika kunipokea na kata ya majani makavu ya mgomba mkononi. Nilisisitiza kukibeba kiroba mwenyewe. Nilikiweka begani, na baada ya hatua kama mia mbili shingo ilianza kuwaka, magoti yakawa yanatetemeka, nikalazimika kukitua. Yeye alikizungushia kitambaa, akapiga goti moja, tukamtwika, akasimama wima na kuondoka.

Nilitembea nyuma yake hadi nyumbani nikitazama mahali pamoja tu: ukingo wa juu wa kiroba dhidi ya mstari wa miti ya upande wa pili wa bonde. Kiroba changu begani kilikuwa kinarukaruka kwa kila hatua. Chake kilipanda na kushuka kwa kiasi ambacho jicho langu lilikipata kwa shida, kama jahazi kwenye maji yaliyotulia. Alikuwa anazungumza nami, akaniuliza hali za watoto, akanionyesha shamba la karoti lililoliwa na konokono. Lakini kwenye paji la uso jasho lilikuwa linatiririka, na pumzi yake niliisikia kati ya maneno.

Hapo ndipo swali la mwanafunzi wangu lilipokuwa limesimama mbele yangu. Kiroba hakikupanda. Kazi iliyofanywa juu ya mchele ule kwa kilomita ile nzima ni karibu na sifuri, na kanuni haijakosea. Kazi ipo, ila ipo ndani ya shemeji. Msuli haushiki mzigo kama msumari ulivyoshika kapu ukutani. Nyuzi zake ndogo hukamata, huvuta, huachia na kukamata tena, mara nyingi kwa kila sekunde, na kila mvuto unakula nishati ya chakula na kutoa joto. Aidha, kila hatua inauinua mwili kidogo na kuushusha, na sehemu ya kile kilichoinuliwa hupotea mguu unapotua. Mizani ikining'inizwa kwenye mti huweza kushika kilo 25 mwaka mzima bila kula chochote, lakini mtu hawezi kuzishika hata dakika moja bila kuchoma chakula.

Jambo hili limechunguzwa hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1986 watafiti Maloiy, Heglund na wenzao walichapisha utafiti walioufanya Kenya kwa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo: wengine kichwani, wengine mgongoni kwa kamba ya kwenye paji la uso. Walipima oksijeni waliyoitumia wakiwa wanatembea, na wakaona kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati ya ziada inayopimika. Mwaka 1995 utafiti mwingine ulieleza namna: katika kutembea, mwili hubadilishana kimo na kasi kama pendula (uzito unaobembea) iliyopinduliwa, na wanawake hao wakibebeshwa mzigo walihifadhi sehemu kubwa zaidi ya mabadilishano hayo badala ya kuipoteza kwa kila hatua. Tafiti za baadaye Afrika Kusini hazikupata matokeo hayo kwa kila mtu, na kiroba cha kilo 25 kinavuka asilimia 20 ya uzito wa shemeji kwa mbali, kwa hiyo jasho lake lilikuwa la haki. Hata hivyo kile nilichokiona njiani si nguvu peke yake. Ni ufundi aliojifunza tangu utotoni, akianza na kibuyu kidogo.

Shangazi alitupokea kwenye kizingiti. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu," na akakigusa kiroba kabla hajanigusa mimi.

Siku ya nne: Alhamisi, 19 Juni. Kijijini

Ukungu haukuinuka hadi saa 5. Nilishuka na shemeji kwenye chemchemi iliyo bondeni, na kwa kipimo cha simu yangu kutoka hapo hadi jikoni ni kupanda mita 80. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo maji yale yanafanyiwa kazi ya jouli 16,000 kila anapopanda. Yeye mwenyewe ana kilo kama 60, hivyo kuuinua mwili wake kwa kimo kilekile ni jouli 48,000, mara tatu ya maji. Nilipomweleza shangazi hesabu hiyo, alitafakari kidogo, akasema, "Kumbe ndiyo maana hata nikirudi na ndoo tupu nachoka. Mzigo wenyewe ni mimi." Anapanda mlima ule tangu alipoolewa.

Mchana alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, nami nikamaliza hesabu ya kiroba. Simu ilionyesha kwamba kijiji kiko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilo 25 kuinuliwa kutoka ufukweni hadi hapo ni jouli 375,000. Gramu moja ya mchele mkavu ina takribani jouli 15,000 za chakula. Kwa hiyo kazi yote ya kukiinua kiroba kutoka baharini hadi jikoni kwa shangazi imo ndani ya gramu 25 za mchele wenyewe. Nilizipima kwa kukadiria, zikajaa kwenye kiganja kilichokunjwa nusu. Hata tukikubali kwamba msuli hugeuza kuwa kazi kama robo tu ya chakula na iliyobaki ikaenda kwenye joto, ni viganja vinne. Vyote vingine vilivyotumika njiani, dizeli ya basi na kosta, petroli ya pikipiki, chai na mihogo yangu, vililipa msuguano, upepo, breki, joto, na kuibeba miili yetu na magari yetu. Shangazi alivitazama vile viganja vinne nilivyovitenga pembeni ya ungo, kisha akavichanganya tena na vingine.

Siku ya tano: Ijumaa, 20 Juni. Lushoto na Irente

Nilishuka Soni na kupanda kosta ya Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Chumba kizuri chenye maji ya moto nilikipata kwa shilingi 25,000. Nilitembea kwa miguu hadi Irente, ambako mtu husimama ukingoni mwa jabali na kuona tambarare yote ya Mazinde na mashamba ya mkonge chini yake. Njia si ngumu, na atakayekwenda asubuhi mapema huenda akakuta ukungu umefunika kila kitu. Alasiri ni bora zaidi. Nilinunua jibini na mkate wa hukohuko, nikarudi kabla ya jua kuzama.

Siku ya sita: Jumamosi, 21 Juni. Kushuka

Kupanda mlima gari hukopa, na kushuka lazima lirudishe. Mita 1,000 za kushuka zina nishati ambayo, kwa gari la uzito wowote, inalingana na kulisimamisha kutoka kilomita 80 kwa saa mara arobaini. Ikiachiwa breki peke yake, yote inageuka joto kwenye vyuma vya ukubwa wa sahani. Dereva wa gari nililopanda asubuhi ile alikuwa kijana, na alishuka kwa gia kubwa, mguu juu ya breki karibu muda wote. Kabla ya Soni nilisikia harufu ya kuungua. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alipaza sauti: "Dereva, simama, tairi linanukia!" Abiria wengine wakamuunga mkono, naye akasimama Soni kwa dakika 30. Nilipotia mkono karibu na gurudumu la mbele, joto lilinizuia kiganja kikiwa bado mbali. Kutoka hapo alishuka kwa gia ya pili, injini ikinguruma na kushiriki kuzuia mwendo, na harufu haikurudi. Wanaopanda magari ya milimani wasione haya kusema kama alivyosema mama yule.

Mombo hadi Dar es Salaam tulikwenda salama, na saa 2 usiku nilikuwa nyumbani.

Mizani sikurudi nayo. Siku niliyoondoka shangazi aliniuliza kama inapima karoti, kwa sababu mnunuzi anayefika shambani huja na ya kwake na yeye hana cha kulinganishia. Nimeiacha imening'inia kwenye boriti ya baraza lake, na juzi nimenunua nyingine Kariakoo kwa shilingi 16,000. Ndoo ya lita 20 nimeshaiweka ofisini. Kipindi cha kwanza cha Julai kitaanza na ndoo hiyo ikiwa imejaa maji, kwanza ikining'inia kwenye ndoano ya mizani, kisha mikononi mwangu kwa muda nitakaoweza kuishika, na nitamwomba yule mwanafunzi asimame karibu asome mshale.